Mapanga ya Mirihi

Ord, Nebraska
3 Machi 2015

Mwanangu Wendell,
Hujambo? Mimi mzima, ila macho. Daktari kaninyang'anya leseni ya urubani, nimekaa kama gunia. Nasikia helikopta unayounda ya kuruka sayari ya Mirihi haibebi mtu, na uzito wake haufiki kuku wawili. Miaka thelathini na moja nimenyunyizia mahindi ya watu dawa kwa ndege nikusomeshe, ili uchonge mdoli?
Mama yako

Pasadena
20 Machi

Mama,
Shikamoo. Mimi mzima. Hewa ya Mirihi ni nyepesi karibu mara mia kuliko yenu. Hizi ni hesabu, Mama. Wewe ni mnyunyizia mahindi tu, usijichoshe.
Mwanao

Pasadena
11 Septemba

Mama mpendwa,
Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Najua nilikukosea. Tulinyonya hewa kwenye chumba cha majaribio ibaki nyepesi kama ya Mirihi, tukala karanga za bahati kama desturi yetu, tukawasha helikopta. Mapanga yanayozunguka kuiinua yakarukaruka juu chini, moja likagonga mwili wa helikopta likapasuka. Nje ya chumba yalizunguka vizuri! Wakubwa wanakuja tarehe 30. Panga likipasuka tena, mradi unafungwa. Unaonaje?
Mwanao

Ord
15 Septemba

Wendell,
Marahaba. Miezi sita kimya, leo unajua nina macho. Mainjinia kumi na wawili, na akili zote kwenye karanga! Hewa nzito ya huku ndiyo inayolituliza panga. Mmeinyonya, nani alitulize? Mwaka 1989 nilipeleka ndege Leadville, kule milimani kwenye hewa nyepesi, mkia ukatetemeka nusura ung'oke. Nyumbani haukuwahi. Kazeni shina la panga, liwe gumu mara tatu.
Mama yako

Pasadena
2 Oktoba

Mama mpendwa,
Shikamoo. Imeruka! Dakika nzima! Mkuu akauliza nani aliwaza kukaza shina. Mama, nikasema ni mimi. Niliona haya kumtaja mama yangu mbele yao. Nisamehe. Novemba kuna siku ya familia hapa kazini, nimekukatia tiketi. Njoo, nitawaambia wote.
Mwanao

Ord
9 Oktoba

Mheshimiwa Injinia,
Shikamoo yako siitikii. Dakika nzima, hongera, jogoo wangu naye huruka. Tiketi yako nairudisha humu. Ungenitaja siku ile, ningekuja hata kwa miguu. Sasa mlangoni wataniuliza mimi nani wako, niwaambie nini?
Kula karanga zako.
Mnyunyizia mahindi