Mama amepika majani ya maabara

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla sijaharibu kazi. Mimi ni Bénie wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Dowa, Malawi, nafanya kazi na watafiti wa mihogo kule Lilongwe, na fahari yangu ni kwamba katika shamba la mama, ambako mihogo yote imejikunja majani kwa ugonjwa wa batobato, shina moja limesimama safi misimu yote, basi nikawaambia wakubwa zangu, wakafurahi, wakaomba majani yake machanga wasome vinasaba vyote, wajue kinacholikinga, wazalishe mbegu yenye nguvu hiyo, nami nikalifunga shina uzi mwekundu nikaenda zangu kazini, kumbe Jumapili mama akafikiwa na wageni wa kanisa, akalichuma lote likabaki fimbo, akayatwanga majani yawe sombe, kile kisamvu chetu, wakala na bugali wakamshukuru Mungu. Nilipolia, mama akanishangaa: "Si we njo ulifunga uzi? Mi nikajua ile iko ya bageni." Kesho majani yanangojwa, naona haya kuwaambia wasomi kwamba yameliwa, watatucheka sisi wakimbizi, na jirani ana muhogo unaofanana kabisa na wetu, je, nikichuma huo nani atajua?

Bénie mwanangu, pole. Nilicheka kwanza, ndipo nikakasirika. Muhogo wenyewe utajua! Ukipeleka majani ya jirani, watasoma ya jirani kwa makini yao yote, watazalisha mbegu kutoka hapo, na siku moja mkulima wa hapa Dowa ataipanda akikuamini, kisha avune mizizi myembamba kama vidole. Utamwambia uliona haya?

Na haya ya nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mama yako aliwapa wageni kilicho bora shambani. Kosa ni lako wewe uliyefunga uzi bila kusema neno. Hivi umesoma kote huko ili umwachie mama fumbo?

Piga simu leo. Sema majani yamepikwa, shina ni zima, litachipua, mnaomba wiki chache. Watacheka, kisha watangoja, kwa sababu hawana shina jingine kama hilo. Lizungushie ua, halafu kaa na mama umweleze taratibu kinachotafutwa ndani ya jani.

Majani yakitoka, usiende peke yako. Panda minibasi na mama, ayapakate yeye mpaka Lilongwe. Wakiuliza muhogo huu ni wa nani, nyamaza. Mwache ajibu mwenyewe.

Mama Arlette