Mwalimu wa Ng'ambo Anauliza Mimi ni Nani

Jericho, Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Kabla sijasema lolote, kile kifua kinaendeleaje? Ulisema kinabana ukichota maji alfajiri, nami nikakwambia Habil achote, lakini najua hukunisikia. Habil, wewe unayesoma barua hii kwa sauti, umekwisha kusikia. Sisi huku ni wazima. Baba Kevo bado yuko kiwandani, na watoto wanakula kama wametumwa.

Mama, nimechanganyikiwa. Nitakueleza mambo yalivyokuwa, nawe uniambie aliyekosa ni nani, maana mimi nimeshindwa.

Unakumbuka nilikuarifu kuwa nasomea ualimu wa nasari kwa imeli, zile barua zinazopita katika waya wa simu. Chuo kiko ng'ambo, na mwalimu wangu, Bi Ingrid, sijamwona hata kwa picha. Anatuma swali, najibu, anasahihisha. Mkuu wa nasari ninayofundisha ameshasema asiye na cheti hataendelea mwaka ujao, na vyuo vya hapa vinataka uhamie bwenini. Watoto hawa nimwachie nani? Mlango wangu ni huu mmoja tu.

Sasa, kompyuta iko katika ofisi ya kanisa. Nilipoulizwa anwani nikatoa ya kanisa, kwani hata barua zako si huja kwa sanduku la posta la kanisa? Sote tunatumia hilo hilo. Karani wetu, Wanza, huzipanga mezani baada ya ibada na kuita majina. Basi na za Bi Ingrid akawa anazichapa na kuziweka papo hapo, kando ya vitabu vya nyimbo. Na watu wetu unawajua, barua ikishafika mezani ni ya wote. Nikikosea, kanisa zima linanipa pole. Nikipata, Mama Brenda, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ananipigia kigelegele hadi barabarani. Nami nilikuwa napenda, sitakuficha.

Majuzi homa ikanilaza na Jumapili sikwenda. Bi Ingrid alikuwa ameuliza: mtoto akimuuma mwenzake kwa meno, utafanya nini? Wenzangu wakaona si vizuri mgonjwa achelewe kujibu. Mama Brenda akamwambia Wanza aandike kwamba mtoto afinywe kidogo, naye aonje uchungu. Wanza mwenyewe akaandika kwamba aombewe. Mzee Mutua, yule mchonga vinyago ambaye ni mzee wa kanisa, akasema wawili hao wapakuliwe sahani moja, wale pamoja mpaka aliyeuma aone haya. Barua zote tatu zikatumwa, kila moja siku yake, na zote zikatiwa jina la Rasoa, kwa kuwa masomo ni ya Rasoa. Nami nilipopata nafuu nikaenda nikatuma jibu langu, kwamba nitazungumza naye, sina habari ya hayo mengine hata kidogo.

Mama, kilichorudi hakikuwa na salamu wala pole. "Rasoa, umeniambia nimfinye mtoto, kisha nimwombee, kisha nimpakulie chakula, kisha nizungumze naye. Wewe ni nani? Nina mwanafunzi mmoja au nina kijiji? Niandikie kutoka anwani yako mwenyewe, maneno yako mwenyewe, la sivyo nitakuondoa darasani."

Wote walikisoma kabla yangu. Nilipoingia walikuwa wameinamisha vichwa kama watu walio matangani.

"Si tulikuwa tunakusaidia tu, Mama Kevo," Mama Brenda akasema.

Nililia. Kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Ningewakasirikiaje watu walionijibia nikiwa kitandani?

Nikaenda mjini kwenye saiba, yaani duka wanalokodisha kompyuta. Dada wa pale akanifungulia anwani yangu peke yangu.

"Siz, hii password usishow mtu," akaniambia, yaani neno la siri la kufungulia. "Hata mzee wako."

"Hata mume wangu? Kwani naficha nini?"

"Hufichi kitu. Ni yako tu."

Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Kisicho siri kinafichwa kwa nini? Nikakaa mbele ya kile kioo, na kila neno lililokuja lilikuwa na mwenyewe: hili ni la Mama, hili la Mzee Mutua. Mwishowe nikaeleza ukweli wa sanduku letu moja. Nikaeleza pia siku Kevo alipomuuma Brenda, na jinsi nilivyoketi katikati yao bila kusema neno, hadi mmoja akanilalia huku na mwingine kule. Hayo niliyafanya mimi.

Bi Ingrid amenibakiza darasani, Mungu ashukuriwe. Lakini furaha yenyewe haitulii. Mzee Mutua alinisimamisha mlangoni mwa kanisa. "Rasoa, kwani tulikukosea nini? Siku hizi mtu anasoma amejifungia?" Sasa Jumapili Wanza anaita majina na langu halimo. Mimi hupanda basi hadi mjini, nikafungua sanduku langu kwa neno la siri, nikasoma kwamba nimefanya vizuri, nikalifunga, nikarudi nyumbani.

Nisalimie shangazi muuza maziwa, mwambie yule ng'ombe wake mkorofi bado namkumbuka kwa teke lake. Nisalimie shemeji fundi wa baiskeli, na dada yangu mdogo anayenyonyesha. Habil, mahali nilipolia usiparuke.

Nijibuni upesi. Barua zako, Mama, huja na miandiko minne: Habil anaanza, shemeji anadakia, shangazi anatia lake pembeni, na chini kabisa kuna alama ya kidole chako. Wala sijawahi hata siku moja kuuliza ni nani aliyeniandikia.

Ni mimi, binti yako,
Rasoa