Roboti Wenu Niliowafuta

Nyumbani,
Nkubu, Meru.
Jumapili, 14 Juni 2026

Mpendwa mwanangu Kiunga,

Roboti wenu wa ule mchezo wa kompyuta wameisha. Wote, hata yule wako. Ni mimi niliyesema wafutwe, kwa mdomo wangu huu, na nilipokuambia kwa simu mwezi wa nne kwamba wapo salama, nilikuwa najigamba tu, sikuwa nimeangalia. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, na wewe unanijua.

Sasa nikusalimu. Hujambo, mwanangu? Joto la huko Doha likoje mwezi huu? Na mgongo je, bado unakuuma ukisimama lindo? Sisi huku tu wazima isipokuwa goti langu, ambalo linajua mvua kabla ya redio. Mama yako Kananu alishuka kutoka Kiirua wiki iliyopita na gunia la viazi, akalala siku mbili. Anakohoa kidogo, lakini ni hii baridi ya Juni. Usiwe na wasiwasi, nilimpa uji wangu na unajua uji wangu.

Barua hii anakuletea Joyline, msichana wa Mugambi, anayerudi kazini huko. Ningepiga simu, lakini kwa simu ungesema "haidhuru, mama mkubwa" kabla sijamaliza, na mimi ningekubali haraka nikimbie. Nataka usome yote.

Unakumbuka nilivyokueleza mazishi ya Mutwiri Agosti iliyopita. Hakuna mtu amezikwa hivyo hapa kwetu. Watu walijaa mpaka kwenye shamba la majani chai, na mvua haikumfukuza hata mmoja. Mama gani mwingine amepata mtoto wa kuliliwa na walimu wake wa shule ya msingi? Mimi niliyeishia darasa la saba nilimzaa mtu wa kuunganisha kompyuta za kaunti. Nasema hivyo kwa kila mtu na sitaacha.

Baada ya mazishi tulikaa siku ya kugawa vitu vyake, kama kawaida. Koti alichukua mjomba wake, viatu vikaenda kwa dada yake Kanana awape watoto wake wakikua. Kompyuta nilimpa Bundi, yule rafiki yake wa chuo anayefundisha Gachoka huko Mbeere, kwa vile Bundi alibeba jeneza kutoka barabarani hadi kaburini na hakukubali kupokewa.

Lakini marehemu mama yetu, nyanya yenu, alitufundisha kwamba nguo ya marehemu haitoki nyumbani ikiwa na kitu mfukoni. Unaikung'uta, unageuza mifuko nje, ndipo unampa mtu. Nami nikasema kompyuta pia ni vivyo hivyo. Nikaibeba kwa Abdiweli, fundi wa simu hapo sokoni Nkubu, nikamwambia aitoe vyote vya Mutwiri.

Kijana wa watu aliniuliza mara mbili. Alisimamisha mkono, akanitazama, akasema, "Mama, nikifuta hairudi hii. Una uhakika?"

Nikamjibu, "Futa, mwanangu. Ninavyo vyote nyumbani."

Kiunga, nilidhani wamo kwenye ile sidii ya mchezo. Kila siku nilikuwa namwona Mutwiri akiitia kwenye ule mdomo wa kompyuta na roboti wanatokea. Basi mimi nikajua ndiko wanakolala. Picha za Mutwiri Kanana alizitoa kwanza, hizo zipo. Sidii nikaifunga kwa kitambaa, nikaiweka kwenye kabati la vyombo vya wageni, na moyo wangu ukatulia kabisa.

Halafu ukapiga ile simu ya Machi. Hayo maneno yako sijayasahau. Ulisema kaburi hutaweza kulitazama, lakini ukiketi mbele ya roboti wenu pengine utaweza kulia, na kwa hiyo utakuja kwenye ukumbusho wa mwaka mmoja. Miaka tisa hujakanyaga nyumbani, na hata kumzika ndugu yako mwajiri alikunyima ruhusa. Nilifurahi nikaenda kuwaambia majirani. Mwezi wa nne ukauliza tena kama wapo, nikakuambia wapo, wananenepa.

Mwezi wa tano nikampelekea Abdiweli ile sidii awatie kwenye kompyuta ya dukani kwake, ili wewe ukija usisubiri. Mchezo ulifunguka. Muziki ule ule. Roboti nao wakatokea wamepanga mstari, lakini, mwanangu, walikuwa wageni. Rangi ya kiwandani, hawana majina, hawana mikwaruzo. Nikamuuliza yuko wapi Riungu, yuko wapi Purity. Abdiweli akanieleza polepole kwamba sidii ina mchezo tu. Wale mliowajenga nyinyi kwa miaka yote hiyo, mkawapa majina, walikuwa ndani ya kompyuta.

Siku iliyofuata nilikwenda Gachoka. Nilifika saa saba, jua la huko Mbeere linachoma kama tanuri, na Bundi alikuwa darasani. Alipofungua kompyuta kulikuwa na alama za wanafunzi tu, mistari kwa mistari. Alimpigia Abdiweli simu, wakajaribu njia zao mpaka jioni, hawakupata kitu. Bundi alitaka nirudi nayo. Nilikataa. Kitu ukishampa mtu aliyebeba mwanao hukirudishi.

Niliwajua roboti hao kuliko mlivyodhani. Mlifikiri mimi naleta githeri tu na kuwakemea mle. Nilikuwa nawatazama. Riungu alikuwa yule mfupi mnene asiyesogea, mliyemwita hivyo kwa sababu ya mzee Riungu wa kinu cha posho, ambaye hata nyumba ikiungua atamaliza kwanza kusaga. Purity alikuwa yule wa miguu mirefu iliyopinda nyuma kama ya ndege, kwa ajili ya Purity wa jirani aliyewashinda nyote kwa mbio za shule. Mutwiri alimpenda huyo. Alifyatua mizinga yote kwa pamoja mpaka roboti anachemka na kuzimika katikati ya vita, na wewe ukimzomea kwamba hajui kuhesabu joto. Kweli hakujua kuhesabu joto. Hata mwili wake mwenyewe alipoanza kuumwa figo alinyamaza mpaka akazimika shambani.

Na yule mkubwa kupita wote, mwenye mizinga mabegani, aliyetembea taratibu na hakuanguka hata akipigwa na watatu? Huyo mlimwita Kathure. Mlidhani sijui ni mimi. Nilijua siku ya kwanza, nikaenda jikoni nikacheka peke yangu. Mpaka leo sijapewa heshima kubwa kuliko hiyo, hata kanisani.

Sasa nakuja kwa wako, yule uliyempaka rangi ya ngano ya kwenu ukamwita Kiirua. Hili sikukuambia kwa simu. Mwaka wa mwisho, Mutwiri alikuwa anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Akirudi alikuwa hawezi hata kushika kijiko vizuri, lakini alikuwa anataka asogezewe kiti mbele ya kompyuta. Siku moja nikamwona yuko mahali pale mnapotengenezea roboti, anamkaza Kiirua mguu. Nikamuuliza kwa nini hampeleki vitani, mbona ndiye mwenye nguvu.

Akaniambia, "Huyu ni wa Kiunga, mama. Mimi namtunzia tu."

Kompyuta ya kwanza ilipokufa, ile nzito iliyonunuliwa kwa bonasi ya chai, yeye ndiye aliyewahamisha wote kwa hii ya pili, na wako alimhamisha wa kwanza. Miaka yote hiyo alimpangusa, akamwekea risasi, akamwacha amesimama. Hakuwahi kumpiganisha hata mara moja wewe ukiwa hupo. Nilitaka ukija umkute hivyo, mzima, anakungoja. Hicho ndicho nilichofuta. Nimelia juu ya hilo kuliko nilivyolia siku ya kaburi, maana siku ya kaburi nilikuwa na watu wa kunitazama.

Kwa hiyo najua. Kilichokuwa kinakuvuta hakipo. Nikikuambia uje utazame msalaba na maua, hilo ulishaniambia hutaweza, na siwezi kukulazimisha. Lakini nina ombi, na ukinikatalia nitaelewa.

Siku ya ukumbusho mchungaji atasoma historia ya Mutwiri, alizaliwa lini, alisoma wapi. Hiyo tumeisikia. Mimi nataka baada yake usimame wewe uwataje roboti wenu mbele ya watu, mmoja mmoja, rangi yake, mizinga yake, alivyoanguka na nani alimwangusha. Mimi nimejaribu kuandika kwenye daftari nikafika kumi na mmoja, na Kanana ananiambia walikuwa ishirini na kitu. Waliobaki wako kichwani mwako tu. Mzee Riungu bado yu hai na atakuwa ameketi mstari wa mbele, na hajui mpaka leo kwamba alikuwa roboti. Purity naye anakuja na mumewe. Wacha watu wacheke hapo kaburini. Mutwiri wangu hakupenda kukaa na watu walionuna, na ukicheka na watu wakicheka pengine kile kilio ulichokosa pa kukiweka kitatoka chenyewe.

Na usipoweza kusimama, njoo ukae tu karibu nami. Sina mtoto mwingine wa kiume wa kukaa hapo.

Mama yako anakusalimu sana, na Kanana na watoto wake, na mzee Mugambi anayesema umesahau ulimvunjia dirisha. Bundi na Abdiweli nao wananiambia nikuombe msamaha kwa niaba yao, ingawa kosa si lao. Mungu akulinde lindoni, akufungulie mkono wa mwajiri wako, akurudishe kwa mlango ule ule uliotokea.

Ni mimi nikupendaye kama wa tumbo langu,
Mama yako mkubwa,
Kathure, mama Mutwiri

Tunawangoja nyote, wewe na roboti wenu, Jumamosi, tarehe ishirini na tisa Agosti, saa nne asubuhi, hapa nyumbani.