Kuku wa Safu ya Nne

Kagongwa, 2 Septemba 2024

Mayu,

Shikamoo. Habari za tangu Pasaka? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Najua simu haikufai tena tangu kelele za karasha za kusagia mawe zilipokumaliza masikio, na meseji unasema herufi zake ni ndogo kama mchwa, kwa hiyo naandika.

Feisal, dereva wa lori la mchele, atakuletea barua hii pamoja na kuku ishirini na wawili. Ni kuku wa mayai wa shamba la Mzee Akida, pale ninapofanya kazi. Mzee anafunga biashara na wafanyakazi tumegawiwa. Usishtuke ukiwaona. Shingo na vifua vina vipara, midomo imekatwa ncha, kucha zimejikunja. Hawaumwi, wote wamechanjwa mdondo. Ni kwamba wameishi kwenye vizimba vya waya, wanne wanne, zaidi ya mwaka. Mayu, hawajawahi kukanyaga udongo.

Usiwatoe uani siku ya kwanza. Watie kwenye jiko la zamani, ziba dirisha kwa gunia mwanga uwe hafifu. Wape maji kwanza, kidogo kidogo, ndipo chakula. Hawajui kupanda juu, kwa hiyo fito ya kulalia iweke chini kabisa. Usiwachanganye na wa kienyeji, watawapiga. Na ukiwabeba, beba kwa mikono miwili chini ya kifua. Usiwashike miguu.

Mtu akikuuliza, sema ni zawadi ya mwanao.

Mwanao,
Klara


Katoro, 9 Septemba 2024

Mwanangu Klara,

Marahaba. Mgongo upo, hauniachi. Wewe unakula vizuri? Barua yako imeandikwa kama mtu anayekimbia.

Wamefika ishirini na mmoja, mmoja alifia njiani kabla ya Ushirombo. Feisal alishusha matenga, nikamwekea chai, akaikataa. Dereva atoke Kagongwa akatae chai ya moto? Hakunitazama usoni, na mimi siku hizi nasikiliza kwa kutazama nyuso.

Jirani yetu Mama Doto alichungulia akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamsoma mdomoni: "Wamekuja wameshanyonyolewa, bado sufuria tu!" Mimi sikucheka. Niliwaweka katikati ya lile jiko, chumba kizima chao. Unajua walifanya nini? Walijikusanya wanne wanne, wakabanana, wakasimama hivyo hivyo kama waya bado uko. Mmoja alikanyaga vumbi, akainua mguu, akautazama, akaukunja tumboni. Alisimama na mguu mmoja mpaka nikachoka mimi.

Siku ya tatu walikunywa bila kusukumwa. Siku ya tano niliwakata kucha, na Mama Doto ndiye aliyenishikia. Sasa hacheki tena.

Wasiwasi wangu ni nje. Nyuma ya nyumba wamefungua mwalo mpya wa kuoshea dhahabu, na maji yao yenye zebaki yanatuama shimoni, hatua thelathini kutoka mlangoni pangu. Kuku wangu wa kienyeji nimewahamishia kwa Mama Doto. Hawa wako hawajui lolote, wakiona maji watakunywa. Nazungushia ua kwa miti na chandarua kikuukuu. Mpaka ukamilike, hawatoki.

Sasa nijibu. Mzee Akida anafunga biashara kwa nini? Na huyo mtu wa kuniuliza ni nani?

Mama yako


Kagongwa, 16 Septemba 2024

Mayu,

Shikamoo. Nashukuru sana, wabeja, kwa kuwapokea. Nilipofika pale pa kusimama wanne wanne niliikunja barua nikaiweka chini.

Wakianza kudonoana, usiwapige. Ni mazoea ya kubanana. Funga mchicha kwa kamba, uning'inize usawa wa vichwa vyao, wadonoe huo. Mwenye kidonda mtenge mpaka kikauke, wakiona damu hawaachi. Saga maganda ya mayai uwachanganyie na pumba na dagaa, mifupa yao haina nguvu. Mayai yote yalichukua nguvu ya mifupa. Wasipotaga miezi miwili, waache.

Nimehama kile chumba. Barua zako mpe kondakta wa basi azifikishe kwa Masalu, fundi cherehani hapa stendi. Usimpe Feisal.

Kuhusu Mzee Akida nitakueleza tukionana.

Mwanao,
Klara


Katoro, 27 Septemba 2024

Klara,

Sikuulizi hali, maana naona hutaniambia kweli.

Jana asubuhi ua ulikamilika, nikafungua mlango wa jiko. Walisimama kizingitini muda mrefu. Kunguru alipita juu, wote wakalala chini kwa hofu, hawajawahi kuwa na anga juu yao. Kisha yule wa mguu mmoja akatoka. Akaparua. Akaparua tena. Akalala ubavu kwenye vumbi akaanza kujirushia mchanga kama aliyefundishwa na mama yake, wakati hana mama anayemjua. Nilikaa kwenye kigoda nikawa nalia peke yangu.

Nilipofuta macho, mwanaume alikuwa amesimama ndani ya ua wangu. Midomo ilikuwa inasogea na sikuambulia neno. Nikampa karatasi na kalamu. Akaandika: "Mama, naitwa Nkwabi, mlinzi wa shamba la Mzee Akida. Feisal ndiye aliyenielekeza hapa. Hawa kuku ni wa shamba. Klara anatafutwa."

Nilisoma mara tatu. Nilipoinua kichwa, Nkwabi alikuwa anakimbia. Alikuwa ameacha lango wazi, na kuku sita walikuwa wanaelekea kwenye lile shimo, mmoja nyuma ya mwingine. Nilipiga kelele ambayo sikuisikia mwenyewe. Yule mtu alijitupa kwenye matope mbele yao, mikono ameitanua. Alizuia watano. Wa sita alikuwa ameshachovya mdomo.

Nimemtenga. Yuko hai, lakini akitaga nitayafukia mayai yake.

Tukawarudisha pamoja, mimi na mtu aliyekuja kunishtaki. Kabla hajaondoka aliandika tena: "Ayubu, mtoto mkubwa wa Mzee, anakuja Jumapili ya tarehe sita."

Klara, nimekaa na baba yako kwenye machimbo miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kupekua nyumba yangu. Leo umenifanya mficha mali ya wizi. Uliniandikia neno "tumegawiwa" kwa mkono wako. Nataka ukweli, na nautaka kabla ya Jumapili.

Mama yako


Mwakitolyo, 1 Oktoba 2024

Mayu,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Niko Mwakitolyo, napikia wachimbaji. Masalu alinitumia barua yako kwa mtu.

Mzee Akida hakufunga biashara. Alianguka, kiharusi, akapelekwa Mwanza hajitambui. Watoto wake wakaanza kugombea shamba. Huyu akafunga stoo ya chakula kwa kufuli lake, yule akazima pampu ya maji. Kuku mia nane ndani, Mayu. Nilimpigia Ayubu. Akasema, "Achana nao, tunauza eneo." Nikampigia tena siku ya pili, akanifungia namba.

Nilichota maji kisimani kwa ndoo. Ndoo moja, kuku mia nane. Kufikia siku ya nne nilikuwa natoa waliokufa asubuhi na jioni, na waliobaki wakawa hawalii. Banda la kuku mia nane liko kimya, hujawahi kuona kitu kama hicho. Siku ya sita nilifungua safu ya nne, ile ya dirishani niliyoilisha mimi tangu walipoletwa. Waliokuwa bado wanasimama walikuwa ishirini na wawili. Ilikuwa mchana kweupe. Nkwabi alikuwa langoni. Aliniona na matenga, akageuza uso akatazama barabara.

Safu zingine sikuzigusa. Feisal alikuwa na nafasi ya matenga mawili tu. Hizo ndizo ninazoziota.

Kuwachukua sijutii. Kukudanganya ndiko kunaniuma. Jumapili wape kuku wao. Waambie hujui niliko, na kama ni lazima, sema humjui kabisa mtu anayeitwa Klara.

Mwanao


Katoro, 7 Oktoba 2024

Mwanangu Klara,

Marahaba. Nimeitikia.

Jumapili nilitoka kanisani nikapitia kwa Maduhu, mwenyekiti wa kitongoji, nikamwambia: wageni wangu wana kesi, njoo uisikie. Mimi sisikii, nilitaka mtu wa kusikia. Mama Doto alikaa karibu yangu akaniandikia kila neno kwenye daftari la mtoto wake. Ninakunakilia.

Ayubu alikuja na Nkwabi na mgambo mmoja. Akasema, "Mama, sina ugomvi na wewe. Nataka mali ya baba yangu na mwizi wake." Maduhu akamwuliza, "Una uhakika ni hawa?" Akajibu, "Kuku vipara namna hii hapa Katoro watatoka wapi?"

Nilisimama nikasema, "Ni wao. Mwanangu aliwachukua, aliniambia mwenyewe, na barua yake hii hapa. Aisome mwenyekiti, yote, asiruke mstari."

Maduhu alisoma kwa sauti. Ayubu hakungoja amalize. Aliingia kati ya kuku, akamdaka mmoja mguu, akamnyanyua kichwa chini.

Mimi sikusikia kitu, Klara. Niliona tu nyuso. Mama Doto aliziba mdomo. Mgambo akarudi nyuma. Ayubu mwenyewe akautazama mkono wake. Mguu ulikuwa umevunjika kama bua la mtama, na yule kuku ananing'inia, hapigi hata mbawa.

Maduhu akauliza taratibu, "Hawa walikaa siku ngapi bila chakula?"

Ayubu akasema, "Maneno ya mfanyakazi hayo. Ana ushahidi gani?"

Hapo Nkwabi akavua kofia. "Siku sita," akasema. "Nilikuwepo. Mimi na Klara tulichimba shimo la kuwazika. Nilikuogopa, bosi, ndiyo maana nikaja kuwatafuta. Lakini siku sita."

Ayubu alimwambia hana kazi tena. Nkwabi akajibu, "Najua."

Maduhu akaamua hivi: mwenye mali ni Mzee Akida, naye yuko hai, amesharudishwa nyumbani. Kuku wakae hapa mpaka Mzee aseme mwenyewe, na Klara aende akasimame mbele yake. Ayubu akaondoka akisema ukikanyaga Kagongwa utalala ndani.

Nimemfunga yule kuku mguu kwa vijiti na kipande cha khanga. Sijui kama atapona.

Unataka niseme sikujui. Nimekuzaa kwa siku mbili za uchungu, nitasemaje? Nenda kwa Mzee. Anaweza kukufunga, sikudanganyi. Lakini ukiendelea kujificha huko, Nkwabi atakuwa amepoteza kazi yake bure.

Mama yako


Katoro, 16 Oktoba 2024

Klara,

Hujambo? Hujajibu. Basi la jana lilikuja bila barua, na la leo pia. Kondakta anasema Masalu hajakuona, na huko Mwakitolyo wamemwambia uliondoka na begi tarehe kumi.

Kama uko mahabusu, waombe karatasi. Neno moja tu.

Mama


Kagongwa, 21 Oktoba 2024

Mayu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Niko nje, niko salama.

Nilishuka Kagongwa tarehe kumi, na Ayubu alikuwa kweli ametoa taarifa. Walinichukua pale stendi kabla sijafika kwa Mzee. Nililala ndani siku tatu. Niliomba karatasi, sikupewa.

Aliyekuja kunitoa ni Mama Shadya, mke wa Mzee. Nkwabi alikuwa amekwenda kumweleza kila kitu, kumbe hakuna mtoto wake aliyemwambia. Alisema pale kaunta, "Mlalamikaji ni mume wangu, na hajalalamika." Akanipeleka nyumbani kwake moja kwa moja, sijaoga.

Mzee amekaa kitini, mkono wa kulia umekufa. Maneno yanatoka moja moja. Nilipiga magoti nikamweleza: kufuli, pampu, ndoo, shimo. Ayubu alikuwa amesimama mlangoni. Sikumtazama.

Mzee akauliza, "Wote?"

Nikasema, "Wote, Mzee. Isipokuwa niliowachukua."

Alilia, Mayu. Mdomo upande mmoja tu ndio unaokunjika. Kisha akamwita Ayubu kwa kidole, akamwambia neno moja: "Ufunguo." Ayubu akauweka mezani akatoka. Hajarudi mpaka leo, na Mama Shadya analia kwa ajili yake pia, kwa hiyo usifikiri nimekuja na furaha.

Nilimwuliza Mzee kuhusu kuku wako. Alisema, "Waache." Alipumzika, akaongeza, "Na wewe. Ulitakiwa kuja kwangu kwanza." Nikasema alikuwa hajitambui. Akasema, "Baadaye. Mwezi mzima." Ni kweli. Mwezi mzima alikuwa anajitambua na mimi nilikuwa najificha.

Wiki iliyopita mimi na Nkwabi tulivunja vizimba vyote kwa nyundo na koleo, Mzee ameketi kivulini akiangalia. Kazi imekwisha jana.

Sasa sina kazi wala chumba. Nauliza kwa adabu, kama mtu aliyekukosea: naweza kuja nyumbani?

Mwanao,
Klara


Katoro, 24 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Namshukuru Mungu, nilikuwa sijala vizuri.

Wamebaki kumi na tisa. Wawili walikufa wiki moja, mmoja ni yule aliyechovya mdomo shimoni, wa pili ni yule aliyevunjwa mguu. Nilidhani anapona, nikamkuta asubuhi amelala vizuri tu. Nimemzika, sikumpeleka kwenye sufuria, na Mama Doto hakusema kitu. Waliobaki wameanza kuota manyoya shingoni. Jioni nafungua mlango wa jiko wanaingia wenyewe, na hawasimami tena wanne wanne. Wanagombania fito ya juu.

Bado nina hasira na lile neno lako la kwanza, "tumegawiwa". Nitakuambia yote ana kwa ana, na utakaa uyasikilize mpaka mwisho.

Panda basi la Jumamosi. Shuka sokoni, usipite njia ya mwaloni, matope yake mabaya. Kuna mmoja ameingia chumbani kwako akataga juu ya kitanda. Kila nikimtoa anarudi. Nimemwachia upande wa ukutani, wewe utalala upande wa mlango.

Mama yako