Vidonge Alivyoacha Opondo

Baba Sharlyne,

Ugali uko kwa sufuria, omena nimeifunika na sahani. Mbuzi hajapewa maji. Usiningoje mchana, nimempeleka jirani yetu Opondo hospitali.

Ulipotoka tu, mke wake Loise alikuja akilia. Opondo ametema damu tena. Nikamuuliza, "Si anameza vidonge vya TB?"

Akaniangalia. "Aliacha, mama. Si wewe ulisema maji ya silva inaua viini vyote?"

Kweli nilisema. Yule mchuuzi wa Malaba anayeniletea hayo maji ya chupa, eti yametiwa madini ya fedha, ndiye aliniambia hivyo, na kidonda changu cha mguu kilipona nilipokipaka, nikaamini. Leo ndio nimekumbuka kwamba nilikuwa pia nakiosha na maji ya chumvi asubuhi na jioni. Halafu kidonda kiko nje, mapafu yako ndani. Wewe ulinicheka ukasema nauza maji tu. Ungenikalisha chini unieleze, pengine ningesikia.

Chupa sita ziko chini ya kitanda. Zimwage. (Hilo neno nimelikata kwa kalamu, usiziguse. Nitazimwaga mwenyewe, kisha nipitie kila nyumba niliyouza.)

Sharlyne akitoka shule apeleke uji kwa watoto wa Loise.

Loise anataka tumwambie daktari eti Opondo alisahau tu vidonge, ndio nisiaibike. Mtu ambaye nimemkosea hivyo, bado ananifichia aibu. Nimemkatalia. Daktari akiuliza, nitajibu mimi.

Mama Sharlyne