Gitaa la Mninga Mikononi mwa Mtani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta hapo Kigwa ukiwa mzima, na ule mguu umepoa. Mimi huku Uingereza mwili ni mzima. Nawe Kalunde, dada yangu, unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke maneno. Nakujua.

Barua yenu niliipata Jumatatu, nikaisoma mlangoni bado nimevaa koti la kazi. Kwamba Baba amezikwa nilikwisha kujua kwa telegramu. Hili la gitaa ndilo lililonikasirisha hadi chai ikapoa mezani.

Eti Kondo, mpiga ridhimu wa bendi yetu ya Tabora, kapanda treni kuja msibani, kala, kalia, halafu kaondoka na gitaa langu alilonichongea Baba! Tena mbele ya wazee akasema, "Mnyamwezi gani huyu, baba yake anazikwa na sisi Wazaramo? Gitaa nimeliteka. Akilitaka aje mwenyewe." Kalunde akampelekea jogoo wa kulikomboa, jogoo akamla, gitaa hakutoa. Najua utani wetu na Wazaramo ni wa tangu misafara, babu zetu walipobeba mizigo mpaka pwani, na mtani msibani huchukua kitu mpaka kikombolewe. Lakini jogoo mzima, Mama! Nawe unataka nimwandikie kwa ukali alirudishe, kwa kuwa ni kazi ya mikono ya Baba. Nilishika kalamu nifanye hivyo.

Unakumbuka lilivyotengenezwa? Mimi na Kondo tulikuwa karakana ya reli, na chumba cha mazoezi tulikijaza picha za wapiga gitaa wa roki, tulizokata kwenye magazeti ya Ulaya yaliyoachwa na abiria. Majina yao yalitushinda kutamka, tukawaita kwa magitaa yao. Kondo alimpenda Bwana Tumbo, mwenye gitaa nene jekundu. Mimi nilimpenda Bwana Pembe, mwenye gitaa jembamba la pembe mbili. Tulibishana mpaka mazoezi yakatushinda. Siku moja nikamletea Baba picha ya Bwana Pembe. Akaiweka juu ya benchi lake la useremala, akaitazama weee, akauliza, "Huyu mtu mbao yake ni ipi?" Nikasema sijui. "Basi sisi tutatumia mninga."

Nyaya na sumaku tulizitoa kwenye gitaa bovu la Dar es Salaam. Lilikuwa zito hilo! Sherehe za Uhuru nilipiga solo uwanjani bega likiwaka moto, na Baba, ambaye muziki wa dansi hakuupenda hata kidogo, alisimama pembeni akiwaambia watu wasiomuuliza, "Mbao ile ni mninga."

Bwana Pembe nimemwona jukwaani kwa macho yangu mwezi uliopita. Gitaa ni lile lile la kwenye picha, rangi imebanduka mkono unaposugua. Wanasema anayo mengi mapya, ila halipendi jingine. Basi Jumamosi, nikiwa bado na hasira, niliingia duka la vyombo vya muziki. Nikasema moyoni, Kondo akae nalo, mimi nitajipatia kama la Bwana Pembe. Nikalivaa. Lilikuwa jepesi, sauti safi, sina la kulisingizia. Vidole vikaanza wimbo wetu wa Tabora, huku bega linatafuta uzito wa mninga. Nikafika pale ridhimu ya Kondo inapoingia, nikanyamaza kumngoja. Mwenye duka akadhani nimesahau wimbo. Nililia mle dukani, Mama, mtu mzima mimi.

Kuna jambo sikuwaambieni. Kiwandani wamenipa mkataba mwingine wa miaka mitano. Nilikuja kwa miaka miwili, mwaka huu ni wa saba. Baba alipougua nilisema nitakuja mwakani. Alipofariki nikasema mwakani tena. Ninyi nyote mlinionea huruma mkaniandikia nijitahidi na kazi. Kondo peke yake ndiye aliyenisema mbele za watu, na alikuwa na haki.

Mkataba nimeurudisha bila sahihi. Nitafika kabla ya mvua za kwanza, na kutoka stesheni nitakwenda kaburini kwa Baba kabla sijaingia ndani.

Nisalimie shemeji yangu, mume wa Kalunde, na mjomba Nkwabi wa Kitete, na shangazi aliyemuuguza Baba. Wasalimie pia wenzako wa shamba la ujamaa, waambie jembe nitalishika.

Kondo msimpelekee salamu. Akiulizia, mwambieni nimekasirika sana, na habari ya safari yangu msimpe. Nataka nimkute bado anakataa.

Mwanao anayerudi,
Mihayo