Tundu la Chini, Upande wa Mteremko

Muzee Paluku,

Sijakuandikia tangu tukuzike, na ningeendelea kunyamaza kama si jambo la Alhamisi huko Majengo. Nina aibu nalo, na nina woga. Nakueleza wewe kwa sababu ndiwe uliyenifundisha kushika mwiko wa uashi, na kwa sababu sijui kama nakupasha habari au tayari unazo.

Kwanza ya nyumbani. Mama, mkeo, amerudi Butembo kwa dada zake. Chukudu yako, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mawe, iko kwa jirani. Nyundo yako ninayo mimi, na mpini wake bado umefungwa ule mpira. Watu wanaendelea kucheka nyumba zako. Fundi gani, wanasema, kila ukuta una tundu chini kama banda la kuku. Wewe ulitafuta upande wa mteremko, ukaacha nafasi ya ngumi mbili usawa wa sakafu, ukapachika wavu, ukaniambia: "Mugeni wetu hana miguu, Assumani. Anatambaa. Umupe mulango yake ya chini."

Ulimaanisha mazuku, ile hewa isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye nyufa za lava na kutuama chini kama maji. Kila mtu Goma anajua kwamba inaua mbuzi mashimoni. Wewe ulisema hata chumbani huingia, kwa kuwa ufa hauulizi kiwanja ni cha nani. Kwa hiyo kabla ya kazi yoyote ulipiga magoti, ukagonga sakafu kwa mpini wa nyundo, kichwa umekiinamisha, ukisikiliza ni wapi pana uwazi. Mimi nilikuwa pembeni na ndoo, natamani uharakishe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwako kulikuwa na tundu ambalo ukiliziba utachimba kaburi.

Nililiziba, Muzee.

Ni nyumba ya Mama Neema, ile ya Majengo, uliyomjengea kabla hajapata mtoto. Aliniita nimwekee vigae chumbani kwa mtoto. Akasema, "Fundi, unifungiye na hii tundu, panya inaingia." Nikaweka mawe mawili, simenti, vigae juu yake. Nikapima usawa kwa nivo, ikakaa sawa. Nilifurahi. Nilijiambia sasa nyumba imekuwa ya kisasa, na mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa zamani. Na sikugonga sakafu. Hata mara moja.

Siku ya tatu baada ya kumaliza, ndiyo hiyo Alhamisi, nilirudi asubuhi kuchukua ubao wangu niliousahau chumbani humo. Nje hapakuwa na upepo. Nilipofungua mlango nilimwona paka wao katikati ya vigae, amejikunja vizuri, mkia umemzunguka. Nilimwita. Kando yake mende watatu walikuwa chali. Hapakuwa na harufu, hapakuwa na sauti, vigae vyangu viling'aa. Nilibaki pale kizingitini.

Niliomba mshumaa, nikauwasha, nikaushusha polepole kama ulivyonifundisha. Usawa wa goti uliwaka. Chini kidogo ya goti, mwali uliachana na utambi taratibu, kana kwamba mtu ameuchukua kwa vidole. Nikawasha tena. Ukachukuliwa pale pale. Na chini ya usawa huo palikuwa na godoro la Neema, mwenye miaka minne, limelazwa juu ya vigae. Godoro lilikuwa tupu.

Neema alikuwa jikoni anakunywa uji. Mama yake alisema mtoto alikuja mwenyewe kwenye kitanda chao, kile kirefu, akakataa kabisa kurudi. Neema akasema bila kuinua uso kwenye kikombe: "Ule muzee alinikataza. Alisema bado mubichi."

Maneno yako, uliyomwambia kila aliyetaka kukanyaga simenti mpya. Lakini ni yangu pia. Wiki nzima nilikuwa namfukuza mtoto kwenye simenti kwa maneno hayo hayo, na watoto hushika. Nilijishikiza hapo. Nikamuuliza huyo mzee alikuwa akifanya nini.

"Anapiga magoti. Anagonga-gonga chini na nyundo, anasikiliza."

Nililivunja tundu kutokea nje, kwa nyundo yako. Adhuhuri mshumaa uliwaka hadi sakafuni. Kitanda cha Neema nimekitengeneza mwenyewe, miguu yake inanifika kiunoni. Kisha nilimwambia mama yake kosa langu lote. Hakunitukana. Alimbeba tu mtoto, mtoto mkubwa yule, hakumweka chini hadi nilipoondoka.

Sasa nisikie, maana sijamaliza. Nimeziba mengine mawili tangu ufe. La Murara nimelifungua siku ile ile. La Munigi siwezi: wenye nyumba wamesafiri, geti lina kufuli, simu yao haipatikani, na majirani hawajui watarudi lini. Wana watoto wanne, na wote hulala chini. Nimebandika karatasi ya kuwaonya getini. Mvua imeshainyeshea.

Na kaburi lako nililijenga mimi. Kazi safi, nililiziba kila upande. Jana nimekuja, nikapiga magoti, nikagonga kwanza, ndipo nikatoboa: ngumi mbili, chini, upande wa mteremko. Sikuweka wavu.

Nakuahidi sitaweka jiwe mahali ambapo sijasikiliza. Na Munigi nitapita kila asubuhi hadi nikute geti liko wazi. Lakini wakirudi jioni, Muzee, mimi sitakuwepo. Njia nimekuachia. Wapitie wewe, uwaambie bado mubichi.

Mwanafunzi wako,
Assumani